Nyuma ya Kiwiko

Nilipofika nyumbani asubuhi ile, niliwakuta wanaume watano wamejazana ndani ya zizi la baba wakimkagua ng'ombe mmoja. Mmoja kamshika mkia, mwingine anamfunua midomo aone meno, wa tatu anampapasa nyonga. Hata dereva wa fuso alikuwa humo, anatoa maoni. Hakuna aliyenisalimu. Mimi ni daktari wa mifugo, nafanya kazi Lamadi, na nilikuwa nimepanda gari la alfajiri kuja Bariadi kwa sababu baba alinipigia simu akasema njoo haraka, Klementina. Njia nzima nilidhani kuna msiba. Kumbe nimeitiwa ng'ombe.

Niseme mapema kwamba nina hasira, na hazijaisha hadi leo. Anayetaka kusimuliwa kwa upole akamtafute mtu mwingine.

Mambo yalikuwa hivi. Mdogo wangu Anyes aliolewa Lalago, kwa kijana anayeitwa Masele, mtoto wa Mzee Mahona. Ng'ombe wakaja kwetu, Anyes akaenda kwao. Miaka ikapita bila mtoto, na Masele, ambaye hajawahi kukanyaga hospitali kupimwa chochote, akaamua kwamba kosa ni la mke. Akaanza kumpiga. Wakati wa kuvuna pamba Anyes alirudi nyumbani na mfuko mmoja wa nguo, akasema harudi tena. Wazee wa pande mbili wakakaa, wakakubaliana kwamba ng'ombe wa mahari warudishwe Lalago na ndoa iishe. Sheria iseme itakalosema, kwetu mambo haya bado yanafanywa hivyo. Baba alikubali shingo upande, lakini alikubali.

Siku hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kurudisha. Mzee Mahona alikuja na Masele, na mkewe Mama Specioza, na fuso la kubebea ng'ombe. Fuso lilikuwa limeegeshwa nje ya boma, mlango wa nyuma wazi, na kila mtu pale alijua haliondoki tupu. Likikosa ng'ombe litambeba Anyes. Mzee Mahona alishatamka mbele ya baba, na baba akaitikia kwa kichwa, kwamba akikataliwa hata ng'ombe mmoja tu, Anyes atarudi kwa mumewe kusubiri hadi apatikane mwingine. Kwenye zizi la baba hapakuwa na mwingine. Ukame wa mwaka juzi ulikuwa umemaliza wote isipokuwa hao wa mahari, aliowalisha hadi kwa majani ya paa la jiko.

"Mimi nitanunua mnada ujao," nilimwambia Mzee Mahona nikiwa bado na begi mgongoni.

Akacheka. "Vizuri sana, daktari. Na mpaka huo mnada ufike, binti akae kwake."

Kwake maana yake kwa Masele. Nilimtafuta Anyes kwa macho, nikamwona amekaa kwenye kizingiti cha jiko, amejitanda khanga, mkono mmoja juu ya goti. Aliniinulia kichwa tu. Hakusimama kunipokea, yeye ambaye zamani alikuwa ananirukia shingoni kabla sijafika mlangoni. Nilidhani ni aibu ya kukaguliwa ng'ombe wake mbele ya watu.

Ng'ombe wengine wote walikuwa wamepita. Waliyekuwa wanambishania alikuwa ng'ombe mwekundu, jike, ambaye alikuja kwetu akiwa mtamba kutoka zizi la Mzee Mahona mwenyewe. Siku ile alitoka huko amenona hadi anang'aa. Sasa alikuwa amekonda, na kidarini ananing'iniza uvimbe.

Baba alinivuta nyuma ya zizi.

"Mwangaluka, baba," nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mhola, ng'wanone. Sikiliza. Yule mwekundu anaumwa. Nilijua siku ile ile alipoacha pumba nusu. Kabla hata hajaanza kukonda, mimi nilishajua. Nikamsogeza karibu na dirisha langu nimsikie akihema."

"Mbona hukunipigia?"

"Nilidhani atapona. Sasa wamekuja na mtaalamu wao, na wewe ni mtaalamu wetu. Ukisema mzima, ni mzima. Umenielewa?"

Nilimwelewa vizuri mno. Nilichungulia kupitia miti ya zizi, na hata kabla sijamgusa yule ng'ombe nilijua kinachomuua. Alikuwa amesimama mgongo umepinda kidogo, na viwiko vya miguu ya mbele amevitanua nje, havigusi mbavu. Mnyama mwenye maumivu kifuani husimama hivyo. Anakipa kifua nafasi. Anajaribu kupumua bila kujigusa.

Lazima nieleze, maana kila kitu kilichofuata kinatoka hapa. Moyo wa ng'ombe haukai pale watu wanapodhani. Uko chini kabisa ya kifua, umeelemea kushoto, na umefichwa na kiwiko. Nyuma yake kuna kiwambo, utando wa misuli unaotenga kifua na tumbo, na nyuma ya kiwambo, umbali wa vidole tu, liko tumbo la pili, lile ambalo wachinjaji wanalijua kwa ngozi yake ya masega. Ng'ombe hachambui anachokula. Akimeza msumari au waya, unatua humo. Tumbo likijikamua waya unasukumwa mbele, na mbele ni moyo. Tangu mji wa Bariadi uanze kupanuka kuja upande wetu, malisho ya baba yamejaa vipande vya waya wa kufungia nondo. Yule mwekundu alikuwa ametembea na waya kifuani kwa wiki kadhaa, na hapakuwa na dawa dukani ya kumrudisha.

Mtaalamu wao aliitwa Hemed, mtu wa Tanga, mwenye duka la dawa za mifugo huko Lalago. Mpole, shati limepigwa pasi, stethoskopu shingoni. Aliniamkia vizuri.

"Dada daktari, karibu. Nianze mimi, ukiridhia?"

"Anza."

Akaanza. Akashika masikio, akafunua jicho, akabinya mgongo. Kisha akaweka stethoskopu juu, nyuma ya fupa la bega, akafumba macho, akasikiliza. Ningeweza kumpiga kofi. Hapo juu anasikia mapafu tu. Angemsogeza mguu mbele akaingiza mkono kwapani, angesikia moyo unaopiga ndani ya maji, chubwi, chubwi. Hakusogeza mguu. Wala hakutazama mfereji wa shingo, ambako mshipa ulikuwa umesimama mnene, unacheza hadi karibu na taya.

"Huyu hana neno kubwa," akasema Hemed akivua stethoskopu. "Minyoo. Ndiyo inayomletea uvimbe huo wa kidari. Akipata dawa atarudi kama zamani."

Baba akashusha pumzi. Mimi nikanyamaza, na moyoni nikamshukuru Hemed kwa uzembe wake. Sikuona haya hata kidogo. Kati ya heshima ya taaluma na mdogo wangu kupandishwa kwenye fuso, taaluma ingesubiri nje.

Lakini Masele alikuwa hajaridhika. Ana sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa na watu wasio na njia ya kutoka.

"Minyoo au si minyoo, sisi tulitoa ng'ombe mzima," akasema. "Alitoka kwetu mzima, anarudi mzima. Akiharibika mikononi mwa mtu, ni juu ya huyo aliyekuwa naye. Ndivyo ilivyo. Au nasema uongo, baba?"

"Ndivyo ilivyo," akasema Mzee Mahona. Alinigeukia. "Hemed namheshimu, lakini nataka kusikia kutoka kwa daktari. Watu wa Lamadi wanasema huyu binti hadanganyi kuhusu mnyama. Shika ng'ombe, binti yangu. Sema mbele ya watu."

Nikavua saa, nikakunja mikono ya shati, nikaingia. Nilikuwa nimeshaamua kudanganya. Neno lilikuwa tayari mdomoni: mzima. Nilimsogelea upande wa kushoto, nikamsemesha, nikamshika ngozi nyuma ya nundu. Ng'ombe mzima ukimbinya hapo hushusha mgongo, kama mtu anayetekenywa. Huyu aliukaza. Akatoa mlio mfupi wa kooni, uliobanwa, mlio wa mtu asiyetaka kusikika.

Nikaachia haraka, wasije wakauliza ni nini.

"Wewe!" Mama Specioza akaita kutoka kivulini alikokaa. "Anyes! Leta maji daktari anawe. Umekaa tu hapo kama mgeni."

Anyes akainuka. Namna alivyoinuka ndiyo iliyonifanya niache kumtazama ng'ombe. Alianza kwa kushika mwimo wa mlango. Akachukua beseni kwa mkono wa kulia tu. Kutoka jikoni hadi zizini pana mteremko mdogo, hauzidi hatua chache, na aliuteremka kwa ubavu, akitanguliza mguu mmoja kisha akiuleta mwingine. Mkono wa kushoto ulikuwa umetanuka. Kiwiko kilikuwa nje, hakigusi mbavu.

Nilisimama na mkono wangu bado juu ya ng'ombe. Niliwatazama wote wawili. Sijawahi kuhisi hasira ya aina ile, ilinipanda kutoka miguuni hadi masikio yakawa yanavuma.

Nikatoka zizini, nikampokea beseni kabla hajainama.

"Wapi?" nikamuuliza kwa Kisukuma, chini chini.

Akaelekeza kwa kidevu. Upande wa kushoto, chini ya kwapa, kuelekea nyuma.

"Ni yeye?"

"Kwa mguu. Nilikuwa nimeshaanguka."

"Nani anajua?"

"Hakuna aliyeuliza, dada."

Tangu wakati wa kuvuna pamba. Alikuwa amechota maji, amesonga ugali, amefagia zizi la ng'ombe hawa hawa, na ubavu umevunjika, na hakuna aliyeuliza.

"Nikisema, yanaweza kuharibika," nikamwambia. "Nikinyamaza, wanapakia ng'ombe na imekwisha. Chagua wewe."

Alimtazama Masele. Masele alikuwa ameegemea mlango wa zizi, anachokonoa meno kwa kijiti.

"Sema," akasema Anyes. "Akiondoka hivi ataenda kuoa mwingine wiki ijayo na kusema mimi ndiye niliyemshinda tabia. Sema, dada. Nimechoka kupumua nusu."

Nikanawa. Nikajifuta mikono kwenye suruali, nikarudi zizini.

"Ng'ombe huyu ni mgonjwa," nikasema.

Baba akafumba macho. Masele akapiga makofi mara moja. "Nilisema mimi! Mama, mwambie akachukue nguo zake."

"Sijamaliza. Mzee Mahona, umetaka niseme mbele ya watu. Basi sogea. Hemed, na wewe sogea, lete masikio yako."

Nikauvuta mguu wa mbele wa ng'ombe, nikasukuma stethoskopu ya Hemed ndani nyuma ya kiwiko, nikamwambia asikilize. Alisikiliza. Rangi ikamtoka usoni. Nikamwonyesha Mzee Mahona mshipa wa shingo, nikambonyesha uvimbe wa kidari kwa kidole chake mwenyewe hadi shimo likabaki. Nikabinya tena nyuma ya nundu, na safari hii nikataka wote wasikie. Ng'ombe akatoa ule mlio.

"Ana waya kifuani," nikasema. "Aliumeza hapa kwetu, katika malisho yetu. Alikuwa mikononi mwetu. Kwa kanuni yenu, hilo ni juu yetu, na nakubali bila ubishi. Sasa mtazameni anavyosimama. Mnaona kiwiko? Amekitoa nje kwa sababu kikigusa mbavu kinauma. Mmekiona wote?"

Wakasema wamekiona. Dereva naye akasema amekiona.

"Haya. Geukeni mmtazame Anyes."

Wakageuka. Alikuwa amesimama pale pale kwenye mteremko, khanga imemshuka begani, kiwiko kiko nje. Sikuhitaji kuongeza neno, lakini niliongeza, maana nilikuwa nimejaa.

"Asubuhi nzima mmeshika mkia, mmeshika meno, mmeshika nyonga. Mzee, nenda kamshike na huyu. Ubavu uko pale chini ya kwapa."

Mzee Mahona akarudi nyuma. "Huyo ni mkamwana wangu. Siwezi kumgusa."

"Kweli. Heshima hairuhusu. Basi Mama Specioza atakusaidia, yeye anaruhusiwa."

Mama Specioza hakutaka kuinuka. "Aliangukia kinu," akasema. "Alituambia mwenyewe aliangukia kinu."

"Kinu gani kinapiga kutoka nyuma, mama?"

"Mimi sikuwepo."

"Njoo uweke mkono, mama," akasema Anyes. Ndiyo mara ya kwanza sauti yake ilisikika boma zima siku ile. "Nyumba yako na yangu zinatenganishwa na ukuta wa udongo. Uliwasha redio. Njoo sasa."

Mama Specioza akaja. Alikuja kwa sababu mumewe alimtazama. Akanyoosha mkono, akauweka chini ya kwapa la Anyes, juu ya khanga, taratibu kabisa. Na Anyes akatoa mlio. Mfupi, wa kooni, uliobanwa. Ulikuwa mlio ule ule, na ng'ombe mwekundu akageuza kichwa kutazama ulikotoka.

Mama Specioza akauondoa mkono na kuuficha ndani ya khanga yake.

"Alitoka kwetu mzima," nikasema. "Wote mlimwona siku ya harusi anacheza. Huu ubavu ulivunjika akiwa mikononi mwa nani?"

Masele akatema kijiti.

"Mtu si ng'ombe," akasema. "Unalinganisha mtu na ng'ombe mbele ya wazee?"

"Hapana, silinganishi. Ng'ombe mmemkagua."

Alipiga hatua kunijia. Baba yake akanyoosha fimbo mbele ya kifua chake, hakumgusa, akamzuia tu. Mzee Mahona hakuwa mtu mwema, na sitamsifu hapa. Lakini alikuwa mtu wa neno, na neno lilikuwa lake. Alikuwa ameitikia kanuni kwa mdomo wake, mbele ya mtaalamu wake na dereva wake. Alimtazama mwanawe, akatazama ardhi, kisha akasema neno moja.

"Pakieni."

"Na huyu mwekundu?" dereva akauliza.

"Naye. Tumempokea. Tumewapokea wote, na hatuna dai hapa."

"Mchinjeni leo," nikamwambia. "Haponi. Mkingoja atakufa kwa mateso."

Wakapakia. Wengine walipanda kwa kelele za kawaida, na mwekundu akapandishwa wa mwisho, polepole, watu watatu wakimsukuma. Hemed ndiye aliyebaki nyuma kuniaga, akaniambia, "Samahani dada, sikusogeza mguu." Nilimwambia siku nyingine asogeze. Masele alipanda mbele na dirisha akalifunga, na joto lote lile.

Fuso lilipokata kona kuelekea barabara ya Maswa, nilimwona Anyes anajaribu kuvuta pumzi ndefu. Ilikatika katikati, akajaribu tena.

Baba alikuwa bado amesimama ndani ya zizi tupu, kamba ya ng'ombe mwekundu mkononi. Nilidhani atanigombeza kwa kutomtii. Alikuja hadi tulipokuwa, akamtazama Anyes ubavuni kwa namna ya mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe na kukisahau.

"Tangu lini?" akauliza.

"Alikuja nao," nikasema. "Amelala nyumbani kwako na ubavu huo tangu siku aliyofika."

"Sasa mbona hakuniambia?" Alikuwa ananiuliza mimi, si yeye. "Mtoto wangu mwenyewe, mbona hakuniambia?"

"Na yule mwekundu, baba? Alikwambia?"

Baba akaitazama kamba iliyokuwa mkononi mwake. Nikamfunga Anyes khanga vizuri kifuani, nikamshika upande wa kulia, tukaanza kwenda barabarani kutafuta bajaji ya kutufikisha hospitali. Tulikwenda polepole sana, kwa sababu njia ya kutoka kwetu inateremka.